Tani za Baba

Asubuhi Bi Mizani alifungua dirisha la kibanda chake, akafuta vumbi kwenye kioo cha namba kwa kitambaa kilekile anachofutia meza, kisha akatoka na ufagio kuondoa kokoto zilizobaki juu ya sahani ya chuma ambapo malori hupanda kupimwa. Alipomaliza alipanda mwenyewe, akachungulia ndani kwa mbali. Kioo kilisoma sifuri. Mizani ya malori haimjui mtu. Mtu mmoja kwake ni sawa na nzi. Akashuka, akarudi kukaa, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, ndipo akaitazama foleni.

Mbele ulisimama moshi wa tanuri la mikate, mweupe, umewahi kama kawaida yake. Nyuma yake moshi wa dobi anayepiga pasi ya mkaa pale njia panda, kidogo tu, ungeweza kuutia kwenye ndoo ukabaki na nafasi. Halafu moshi wa stendi ya mabasi, ambao haujui foleni ni nini na ulikuwa ukiwasukuma wenzake. Moshi wa jalala ulijiweka mwisho kabisa bila kuambiwa, maana unajijua unavyonuka. Pembeni kwenye majani zilijilaza hewa za ng'ombe wa wilaya nzima, chini chini, kwa haya, zikisubiri mtu azikumbuke.

"Mkate, njoo," alisema Bi Mizani.

Moshi ukapanda, ukatulia juu ya sahani. Namba zikacheza, zikasimama, akaziandika. Moshi ukashuka ukaenda zake juu, kama moshi mwingine wowote.

Mambo haya yalianza hivi. Wilaya ilitakiwa kuwa na mpango wa tabianchi, na mpango hautengenezwi kabla wilaya haijajua inatoa gesi joto kiasi gani. Akaletwa Mtaalamu, mtu mpole mwenye miwani na begi la mgongoni, akaieleza kamati ya manunuzi kwamba kazi hii hufanywa mezani: unachukua mafuta yaliyouzwa, makaa yaliyochomwa, taka zilizooza, ng'ombe waliopo, unazidisha, unajumlisha, unapata tani. Kamati ilimsikiliza vizuri sana. Lakini mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka tangu ujana wake, na katika maelezo yote yale alibakiwa na neno moja tu, lile la mwisho. Kama ni tani, alisema, basi zipimwe. Yeye hajawahi kununua tani iliyozidishwa mezani, na waliowahi kujaribu kumuuzia tani za namna hiyo anawajua kwa sura. Kamati ikaazima mizani ya barabarani pamoja na mwendeshaji wake. Mtaalamu alishika tama jioni nzima.

Kesho yake moshi ukaja. Ulikuja wenyewe, na umepanga foleni. Toka hapo Mtaalamu hakubisha tena, ila aliomba tu wasianze kabla hajanywa chai.

Tatizo likawa jumla. Mtaalamu hakuwa ameacha kuzidisha. Alikuwa akizidisha kwa kujificha, kama mtu anayevutia sigara chooni, na hesabu yake ya mezani ilimwambia kwamba karibu nusu ya gesi ya wilaya ilipaswa kutoka kiwanda cha saruji. Kiwanda kile kinachoma makaa ya mawe usiku na mchana, na lile jiwe la chokaa lenyewe likiokwa linatoa hewa ukaa yake, kwa hiyo pale ni moshi juu ya moshi. Lakini moshi wa kiwanda haukuwahi kufika mizani. Dobi na pasi yake alikuwa anahudhuria kila siku ya Mungu, kiwanda hakikuhudhuria.

"Labda unaona aibu," alisema Bi Mizani.

"Moshi wa saruji?" Mtaalamu aliuliza. "Nimeona wenzake sehemu nyingi. Hauna aibu hata kidogo."

Wakaufuata. Afisa uhusiano wa kiwanda, mwanamke mchangamfu mwenye kucheka na kila mtu, aliwavika kofia ngumu, akawaelekeza waangalie juu. Bomba lilisimama jeupe, safi, kunguru wawili wamekaa mdomoni mwake wanajichambua manyoya. Chini tanuri linanguruma, joto lake linakufika shingoni. Makaa yanaingia kwa mkanda, malori ya mifuko yanatoka moja nyuma ya lingine. Juu hakuna kitu.

"Sasa moshi unakwenda wapi?" Mtaalamu aliuliza.

"Moshi gani?" afisa uhusiano aliuliza naye, na kwa kweli alionekana hajui. Alipoajiriwa alilikuta bomba safi, akaonyeshwa tuzo za usafi zilizopangwa ukutani, akaambiwa azitunze. Alikuwa anazitunza.

Bi Mizani aliliangalia bomba mpaka shingo ikamuuma. Baba yake alikuwa mchoma tanuri humo ndani karibu maisha yake yote ya kazi, na yeye amekulia mitaa miwili kutoka hapo. Alijaribu kukumbuka kama utotoni aliwahi kuliona likitoa moshi, akashindwa. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kuliona halitoi, akashindwa pia. Akavua ile kofia, akairudisha, akaondoka kichwa kikimuuma.

Baba yake, ambaye mtaani wanamwita Mzee Tanuri, alihamia kwake tangu mama alipofariki. Alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi, mwembamba, mashati yanamning'inia kama yameazimwa, na mdomo haumkai. Hakuwa na usumbufu, isipokuwa kwenye samani. Alivunja kiti, akaletewa kingine, akakivunja na hicho. Kitanda kilijikunja katikati. Seremala aliitwa, akakitazama kitanda, akamtazama mzee, akasema mbao za siku hizi hazina maana. Mwishowe mzee akalala kwenye godoro sakafuni na sakafu yenyewe ikaanza kubonyea kidogo upande wa miguuni. Vijana wa pikipiki za abiria walikuwa hawambebi tena, wanasema tairi inalala. Nyumbani walisema ni uzee, maana uzee ukishaingia nyumbani husingiziwa kila kitu.

"Mimi ni mzito wa heshima," mzee alikuwa akisema, na bintiye anacheka.

Sasa siku moja akamletea binti chakula cha mchana kazini. Mvua ilikuwa imenyesha, pembeni kote ni tope, kwa hiyo mzee akakatisha juu ya sahani ya chuma, kapu mkononi, polepole, akiisalimia mioshi iliyokuwa inasubiri, kwa sababu yeye ni mtu wa salamu. Bi Mizani alikuwa anaangalia kioo. Kilisoma tani kumi na moja na kitu.

Akadhani lori limepanda. Akachungulia dirishani, hakuna lori.

"Baba, hebu shuka kidogo."

Akashuka. Sifuri.

"Rudi."

Akarudi. Kumi na moja na kitu, vilevile.

"Weka kapu pembeni."

"Chakula kwenye tope, mama?" Mzee alimwita bintiye mama, kwa kuwa ndiye aliyebeba jina la mama yake.

"Kiweke kwenye ile ngazi."

Akakiweka kwenye ngazi, akarudi kusimama. Namba haikutikisika. Bi Mizani alihisi kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Baba, una uzito wa lori la kokoto."

"Ndiyo maana viatu vinaisha upesi," mzee alisema, akafungua kapu. "Njoo ule, kinapoa."

Wakala. Katikati ya kula mzee akaeleza, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Zamani bomba lile lilikuwa linatoa moshi, na si moshi wa mchezo. Kina mama wa mji wanaanika nguo nyeupe, wanaanua za kijivu. Siku moja wakachoka, wakaandamana mpaka getini na nguo zenyewe mabegani. Meneja wa wakati huo alikuwa mtu wa amani, hapendi kelele. Akaongea na wasimamizi wa zamu, wasimamizi wakaongea na wachoma tanuri, na ikawa ndiyo desturi ya kazi: zamu ikiisha, kabla hamjaoga, mnasimama kwenye tundu la chini la bomba mmoja mmoja, mnavuta pumzi ndefu, kila mtu anaondoka na sehemu yake. Aliyetoka bila kuvuta alionekana hana adabu, kawaachia wenzake mzigo. Getini kila mtu anapewa pakiti ya maziwa ya kuoshea kifua.

"Halafu mlikuwa mnautoa wapi?"

"Kuutoa?" Mzee alimaliza kutafuna kwanza. "Hilo hatukuambiwa."

Maziwa yale Bi Mizani aliyakumbuka vizuri. Pakiti ya pembe tatu, ya baridi, inatoka mfuko wa ndani wa koti la baba jioni, haijafunguliwa. Yeye na wadogo zake walikuwa wanagombania nani akate pembe. Baba anakaa pale anawaangalia wakinywa na anasema yeye ameshashiba. Akamsogezea baba yake mboga iliyobaki.

Mtaalamu alipopata habari alifurahi kuliko ilivyopasa, halafu akaona haya. Wastaafu wote wa tanuri wakaitwa. Walikuja na fimbo zao na kofia zao, wanataniana, wengine hawajaonana tangu wastaafu, wakapanda mmoja baada ya mwingine. Kuna wa tani nane, kuna wa tisa. Mmoja alifika kumi na tatu, wenzake wakampigia makofi. Huyo alikuwa msimamizi wa zamu. Mjane mmoja akaja kuuliza kama na moshi wa marehemu mumewe unahitajika, kwa sababu kaburi limeshatitia mara kadhaa na yeye amechoka kuagiza udongo. Mtaalamu akamshukuru, akauandika. Kisha akajumlisha, akazidisha kwa namna anayoijua mwenyewe, na pengo lote likaziba. Tani za kiwanda zilikuwa zimepatikana, hazikupungua wala kuzidi.

Kilichobaki ni kuziandika mahali pake. Ripoti ya wilaya ina sehemu zake: usafiri, taka, kilimo, viwanda, makazi.

"Viwanda," alisema Bi Mizani.

Mtaalamu alifuta miwani yake kwa shati. "Mbinu tunayotumia inauliza moshi uko wapi. Haiulizi umetoka wapi."

"Umetoka kiwandani."

"Najua."

"Basi andika viwanda."

"Nikiandika viwanda, dada yangu, mkaguzi atakwenda kiwandani kuutafuta na hataukuta. Ataukuta kwako, chumba cha nyuma."

Bi Mizani aliyarudia maneno hayo kichwani siku nzima. Kila neno lilikuwa sawa. Alilifuata moja moja, taratibu, akiangalia ni wapi anapopigwa chenga, na kila mara alifika mwisho akajikuta amesimama mahali ambapo hakutaka kufika, na nyuma yake hakuna kona hata moja. Akafikiri labda yeye ndiye mzito wa kuelewa. Akajaribu kutafuta jibu usoni mwa Mtaalamu, akaona naye vilevile macho yamempotea.

Kikao cha wilaya kilipokaa alisimama akasema. Alisema wazee wale hawakuchoma makaa kwa ajili ya kupikia uji wao. Saruji iliuzwa na wenye kuuza, nyumba zikajengwa, na moshi ukabebeshwa watu kifuani kwa pakiti ya maziwa. Alisema tani zirudi kwa mwenyewe. Ukumbi mzima uliitikia kwa kichwa. Afisa uhusiano wa kiwanda aliitikia kuliko wote, akaomba nafasi, akasema wazee hawa ni hazina, kiwanda hakijawahi kuruka maziwa hata zamu moja, na walipostaafu waliagwa kwa heshima kubwa, kila mtu akaondoka na vilivyo vyake. Mkurugenzi wa wilaya alisema hoja ya dada yetu wa mizani imemgusa. Ikapokelewa kwa makofi, wakahamia ajenda inayofuata.

Ajenda inayofuata ilikuwa nini kifanyike. Kwa mujibu wa ripoti, kilichokuwa kinaongoza kwa moshi wilayani ni makazi, tena mitaa ileile ya wazee. Na wilaya ilikuwa na sheria yake ndogo ya zamani, iliyotungwa kwa ajili ya matanuri ya matofali, kwamba chanzo chochote cha moshi kinachozidi tani tano hakiruhusiwi kukaa katikati ya nyumba za watu. Kihamishiwe nje ya mpaka. Hesabu ya wilaya inaishia mpakani. Wilaya jirani ilikuwa bado haijaanza kuhesabu.

"Kwa hiyo mnamhamisha baba yangu," alisema Bi Mizani.

"Chanzo," alisema mkurugenzi, kwa upole. "Baba yako tunampenda."

Alitoka ukumbini bila kujua kama ameshinda au ameshindwa. Mlangoni watu wawili walimshika mkono, wakampongeza.

Akajaribu njia moja iliyobaki. "Baba, twende ukaurudishe," alisema, na mzee akachukua kofia yake bila kuuliza maswali. Wakaenda kwa miguu mpaka getini. Mlinzi alimpa mzee shikamoo na kiti. Kiti kikavunjika, mlinzi akaokota vipande akavisogeza pembeni. Mzee akasimama kulielekea bomba, akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta tena, akaitoa. Ikatoka pumzi ya kawaida ya mzee, na nyuma yake kikohozi. Bi Mizani akampigapiga mgongoni kama unavyompiga mtoto aliyepaliwa. Wapi. Moshi ulikuwa umeshazoea.

Afisa uhusiano alitoka na chupa mbili za maji, akawapa. Alisema anasikitika sana, lakini taratibu za geti haziruhusu mgeni kuacha mzigo.

"Si mzigo wetu," alisema Bi Mizani. "Ni wenu."

"Nakuelewa kabisa," alisema yule mwanamke, na alikuwa anamwelewa, ilionekana machoni. Akawasindikiza mpaka barabarani.

Wakati huo zamu ilikuwa inatoka. Wanaume walipita mmoja mmoja, nywele zimelowa kwa kuoga, hatua zao nzito kidogo kuliko maumbo yao. Kwenye dirisha dogo kila mtu anapokea pakiti yake. Mzee aliwasalimia wote, wakamwitikia marahaba ya utani kama wanavyoitikia wakongwe wa kazi. Mmoja hakufungua pakiti. Aliitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaharakisha.

"Huyo ana watoto," alisema mzee.

Malori ya wilaya yalikuja mwanzoni mwa wiki. Kila mzee lori lake, maana madereva walikataa kubeba wawili pamoja, walikuwa wanahurumia springi. Mzee Tanuri alivaa koti na kunyoa ndevu. Akapakia godoro, sufuria, redio, akapanda mbele kwa dereva, kiti kikalia. Na kwa kuwa upungufu nao lazima upimwe, kila lori lilipitia mizani likienda.

Lori la baba lilipanda saa za asubuhi, mioshi ikasogea kulipisha. Baba alimpungia mkono kutoka dirishani, akamwambia dereva kwa sauti ya kusikika kwamba yule pale ni binti yake, mpole hivyohivyo ukimwona lakini huwezi kumdanganya hata kilo. Bi Mizani alisoma namba, akatoa uzito wa lori, akatoa wa godoro na sufuria, akaandika kilichobaki. Aliumia. Aliona hasira pia, na hakujua amkasirikie nani. Kila aliyemfikiria alikuwa amemwonea huruma. Akafungua kizuizi kwa mkono wake, lori likapita.

Mpaka wa wilaya ni kalavati na jiwe lililopakwa chokaa. Ng'ambo tu ya jiwe, mzee alipangishiwa chumba nyuma ya duka la spea za baiskeli. Wenzake walitawanywa vyumba vya jirani na jioni walicheza bao nje, wamekaa chini. Hakuna aliyelalamika sana. Walipewa makazi mapya, walisema, na mtu wa tani kumi na tatu hawezi kuchagua sana.

Tani za wilaya zikashuka karibu nusu kwa msimu mmoja. Wilaya ikapewa cheti, kiwanda kikasifiwa kwa ushirikiano wake, kikaongeza zamu ya tatu. Mtaalamu alimaliza mkataba wake. Alikuja kibandani kuaga, akamiminiwa chai, akaishika bila kuinywa. Hakuonekana vizuri.

"Kuna kitu sijakuambia," alisema, akipunguza sauti ingawa nje kulikuwa na mioshi tu. "Kinachopita hakihesabiwi."

"Kivipi?"

"Lori linalotoka mbali, likavuka wilaya bila kusimama, moshi wake si wetu. Linaingia, linatoka. Ila likisimama, likaegeshwa, linakuwa letu."

Bi Mizani alifikiri. "Na mtu?"

Mtaalamu alivua miwani, akaitazama kama iliyomkosea. "Mbinu haisemi mtu. Inasema kinachopita." Akaweka kikombe chini, akabeba begi lake, akaenda.

Ndivyo mzee alivyoanza kuja kumtembelea binti yake siku za mapumziko. Anavuka kalavati, anafuata barabara, anaingia mlango wa mbele bila kupunguza mwendo. Anakatisha sebuleni, anapita ukumbi mdogo, anatokea mlango wa jikoni, anazunguka tangi la maji, anaingia tena mbele. Bi Mizani anampa kikombe cha chai kwenye mlango wa mbele na kukipokea kwenye mlango wa jikoni. Mazungumzo yanakwenda hivyohivyo, vipande vipande. Shikamoo inatolewa mlangoni, marahaba inasikika ukumbini. Habari za mgonjwa fulani zinaanzia jikoni na kuishia kwenye tangi. Majirani walizoea, wanaacha geti wazi. Upande wa pili wa barabara, chini ya paa la duka lililofungwa, mkaguzi wa wilaya anakaa na kigoda chake na kalamu. Si mtu mbaya. Anasalimia, na mzee akipita karibu humuuliza hali ya kifua.

Siku moja jua lilikuwa kali. Mzee alikuja amechelewa, amelowa jasho. Alizunguka mara kadhaa bila kuongea, jambo ambalo si lake. Alipofika tena mlango wa jikoni alipunguza mwendo, akaitazama ile ngazi fupi ya saruji iliyokuwa kivulini, iliyopozwa na maji ya kuoshea vyombo.

"Mama, nikae hapa kidogo. Dakika moja tu."

Bi Mizani aliangalia kupitia sebuleni mpaka barabarani. Mkaguzi alikuwa ameinua kichwa. Binti akamwangalia baba, midomo imemkauka, mkono wake tayari unatafuta ukuta. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama kumwambia baba yake kaa.

"Tembea, baba."

"Miguu, mama."

"Najua. Tembea."

Akauchukua mkono wa mzee akaupitisha shingoni mwake. Uzito ukamshukia, akajikaza. Wakatoka mlango wa jikoni, wakalizunguka tangi polepole, wakaingia tena mlango wa mbele.